Mwalimu Aliyeachwa Kwenye Ukungu wa Hanang

Nakumbuka siku moja ya baridi, mwanangu, na nikiikumbuka hadi leo damu inanichemka. Ulikuwa mwezi wa saba, enzi zile mashamba ya ngano ya serikali yakiwa bado yana watu na matrekta. Mimi nilikuwa msichana kutoka Tlawi, mpishi katika jiko la wafanyakazi. Sikukuu ya Saba Saba hapakuwa na kazi, basi vijana kadhaa tukakubaliana kupanda mlima.

Aliyetuongoza ni Sifaeli, dereva wa trekta, mwenyeji wa Mogitu, kijana wa nguvu na maneno mengi. Pamoja nasi alikuwemo Yusufu, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Maskini, alikuja na shati jepesi na viatu vya kuendea darasani. Nilimwambia Sifaeli tumwazimie koti kabla ya kuondoka. Akacheka, akasema atapata joto huko huko njiani.

Tulipoupita msitu, ukungu ukatushukia pamoja na manyunyu. Yusufu alilowa chepechepe. Kwanza alitetemeka, meno yakigongana. Kisha akaacha kutetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa. Ulimi ukawa mzito, akawa anasema anataka kukaa tu, alale kidogo. Sifaeli akamnywesha gongo, akamketisha juu ya jiwe, akatuambia tutamkuta hapo tukirudi. Na watu wenye akili zao, waliokula naye meza moja, wakamfuata Sifaeli kama kondoo.

Mimi sikwenda. Nilimvua lile shati, nikamfunga khanga yangu, nikamfunika blanketi nililokuwa nimejitanda, nikamwinua. Alinisukuma, akaniomba nimwache. Nilikataa. Tuliteremka akiwa ameniegemea, nami nikimuuliza majina ya wadogo zake ili asisinzie. Akikosea, namuuliza tena.

Nyumba ya kwanza chini ya msitu ilikuwa ya Mzee Gwandu, baba yake Sifaeli. Mkewe alimvika Yusufu nguo kavu, akamlaza upande wa nyumba wanakolala ng'ombe, kwenye joto, akamnywesha uji kidogo kidogo. Baadaye mwili ukaanza tena kutetemeka. Mama yule akashusha pumzi, akasema sasa anarudi.

Jioni Sifaeli na wenzake walishuka wakiimba. Hawakumkuta mtu kwenye jiwe, wakadhani ametangulia. Ndivyo walivyojitetea. Hata kumwita hawakumwita.

Sifaeli akainama. “Shikamoo, baba.”

Mzee alinyamaza. Kwetu, mwanangu, shikamoo isiyoitikiwa inauma kuliko fimbo. Sifaeli akarudia, na mzee akasema bila kupandisha sauti:

“Asubuhi ulipita hapa na mtoto wa watu. Umerudi bila yeye, na unaimba. Sina marahaba ya kukupa.”

Ndipo Sifaeli alipoambiwa Yusufu yumo ndani. Aliingia, akapiga magoti, akalia mbele yake. Yusufu akamsamehe, na baba mtu akaitikia salamu. Mwalimu aliugua kifua, akapona, akafundisha huku miaka mingi. Mimi sikuwa mwepesi hivyo. Nilimpakulia Sifaeli ugali bila neno mpaka ngano ikavunwa.

Na sasa nawaona ninyi mkipita hapa mwezi huo huo na kandambili, simu mkononi, mkishindana nani atafika kileleni kwanza. Nani amewaambia mlima una haraka? Kutangulia si kufika. Vaa sufu, beba nguo kavu na kitu cha kukukinga na mvua, hata kama jua linawaka hapa chini. Mwambie mtu wa nyumbani njia unayopita. Ukungu ukifunga, geuka, kilele hakihami. Pombe haipashi mtu joto, inamdanganya tu. Mwenzako akianza kukokota maneno na kutaka kulala, mvue nguo mbichi, mfunike, mshushe, wala usimsikilize akikuomba umwache. Na mwendo wa kundi ni wa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya mlimani haina muda wa kusubiri.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe miguu imara na anga jeupe, akupe wenzako wasiokuacha njiani, na wewe akuepushe kurudi nyumbani peke yako huku unaimba.