Mwaka Ambao Baba Alisali Nje ya Kanisa

Wenzangu tuliokula bada, ugali wa muhogo, na mboga chungu ya mchunga kabla ya kujua kwamba kuna watu wanakula wali siku ya kazi, nadhani mnakumbuka Jumapili ilivyokuwa na harufu yake. Kwetu kijijini Mazingara ilikuwa harufu ya sabuni ya mche na pasi ya mkaa. Jumamosi jioni mama alitusugua magaga kwa jiwe mpaka tukachechemea, na asubuhi alitupaka mafuta ya nazi mengi kiasi kwamba nzi akitua usoni anateleza. Kisha tulikaa mkekani bila kucheza, mikono mapajani, tukisubiri kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa na kugongwa kwa nondo. Watoto wa siku hizi wanalala na simu inayowaamsha kwa wimbo wanaoupenda, na Misa ya pili bado wanachelewa.

Wakatoliki tulikuwa wachache, kaya kumi na kitu katikati ya majirani Waislamu. Wazazi wetu wengi walishuka kutoka milima ya Usambara kutafuta mashamba, na familia mbili tatu za wafugaji wa Kimasai zilikuwa zimebatizwa karibuni. Kigango chetu kilikuwa cha udongo na bati, madirisha matatu yasiyo na kioo. Padre alikuja kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, na masika yakichachamaa hata miezi miwili ilipita. Jumapili nyingine zote tuliongozwa na katekista wetu, Mzee Kornelio.

Mzee Kornelio alitukaririsha katekisimu kama tulivyokaririshwa jedwali la kuzidisha shuleni. Ukikosea amri ya sita, ile ya usizini, fimbo moja. Ukiuliza maana ya amri ya sita, fimbo mbili. Lakini somo likiisha alitukalisha nyuma ya nyumba yake akatumenyea miwa, kila mtoto kipande chake, na aliyechapwa zaidi alipewa kipande kirefu. Hatukuwahi kumchukia.

Nilipokuwa darasa la tatu macho yake yakaanza kuingia ukungu. Kwa muda alificha. Alishika kitabu, akafungua kurasa kwa heshima zote, ila alichosoma kilitoka kichwani, na kisa pekee alichokijua neno kwa neno kilikuwa cha Lazaro. Lazaro akafufuka Jumapili nne mfululizo. Ya tano, mdogo wangu Beno alinong'ona kwa sauti iliyofika mpaka mbele, "Leo tena." Nyumbani alichapwa na baba, lakini siri ilikuwa imeshatoka.

Wiki iliyofuata Mzee Kornelio alikiweka kitabu mezani, akatugeukia.

"Macho yangu yamekwisha," alisema. "Kuanzia leo atakayesoma na kuongoza sala ni Mama Kristina."

Kristina ndiye mimi. Mama alikuwa amesoma shule ya misheni utotoni, na pale kanisani hakuwepo mtu, mwanamume wala mwanamke, aliyesoma vizuri kama yeye. Kila mmoja alilijua hilo. Hata hivyo watu walitazamana, kwa kuwa hapakuwahi kusimama mwanamke mbele yetu isipokuwa wa kufagia. Mama alipoinuka, baba naye akainuka. Mama akaenda mbele, baba akaenda nje.

Hakuondoka lakini. Alikaa juu ya jiwe chini ya dirisha. Wanaume watano wakamfuata, na wanawake wawili. Nilimsikia akiwaambia, "Kuondoka ni dhambi. Kukaa ndani ni kukubali. Tukae hapa hapa."

Mama alisoma somo lote. Alipofika mwisho akasema, "Neno la Bwana." Sisi wa ndani tulijibu kinyonge, lakini dirishani ilipita sauti nzito kuliko zetu zote: "Tumshukuru Mungu." Ilikuwa sauti ya baba.

Ikawa hivyo karibu mwaka mzima, isipokuwa siku za padre, maana alisoma mwenyewe na wote tuliingia ndani. Kanisa moja, watu wa ndani na watu wa nje. Sisi watoto tuliona raha tupu. Mimi nilikaa ndani na mama, Beno akakaa nje na baba, na kazi yetu ilikuwa kupitisha kitabu cha nyimbo dirishani, maana kilikuwa kimoja. Shuleni tulipocheza rede timu zilijiita Ndani na Nje, na hata watoto wa Kiislamu walichagua upande bila kujua ugomvi ni wa nini.

Msidhani baba na mama walinuniana. Walibishana, tena wakati wa kula, na sisi tuliacha hata kugombea mboga ili tusikie.

"Mama Kristina, jambo hili halikuwepo," baba alisema. "Baba yangu aliipokea imani kwa mapadre wenye ndevu, akanikabidhi vilevile alivyopewa. Mimi ni nani niibadilishe?"

"Hata pikipiki ya padre haikuwepo. Mbona hukumwambia aje na punda?"

"Pikipiki si sakramenti."

"Na suruali ya Mzee Kornelio je, ni sakramenti?"

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema, "Sikubali," akaomba aongezewe mchunga. Na katikati ya wiki, wakipukuchua mahindi, alikuwa akikumbuka jambo: "Yule nabii wa Jumapili anaitwa Habakuki. Wewe ulisema Habukaki." Mama akauliza, "Wewe uliyekuwa nje umesikia wapi?" Baba akajifanya anatafuta gunia.

Jirani yetu Mzee Mbwana, Mzigua mwenye shamba la mihogo upande wa pili wa kanisa, alimpita baba pale jiweni kila Jumapili. Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Baba Kristina, wamekufukuza?"

"Hapana, mzee. Nasali."

Mzee Mbwana akasikiliza kidogo. "Anayesoma humo ndani ni mkeo?"

"Ndiye."

"Anasoma vizuri," alisema, akaweka jembe begani akaenda zake. Beno aliyekuwepo aliapa kwamba baba alitabasamu.

Lakini haikuwa raha kwa mama. Jioni moja nilimkuta jikoni, kitabu cha masomo magotini, moshi umejaa na yeye hata hakuukimbia. Aliniambia, "Kristi, kila nikiinua macho nikiwa mbele naona pale baba yako alipokuwa akikaa." Na padre alipopata habari alituma ujumbe kwamba kigango kilichogawanyika hawezi kukiacha hivyo. Tusipopatana atakifunga, twende kusali kigango cha jirani, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Wazee wengi wasingeweza. Mzee Kornelio, aliyekuwa akiongozwa kwa mkono hata kwenda msalani, asingeweza kabisa.

Padre alipokuja, baada ya Misa alituketisha wote chini ya ukuta wa kanisa, upande wenye kivuli, wa ndani na wa nje pamoja. Baba alitangulia kusimama.

"Padre, sisemi kwamba mke wangu hawezi. Anaweza kuliko mimi. Mimi ninaogopa. Ukivuta uzi mmoja kwenye nguo, huwezi kujua itafumukia wapi."

Mama, ambaye alishona sare za nusu ya shule yetu, alijibu ameketi. "Mtoto akikua tunalegeza pindo. Nguo inabaki ileile. Tukikataa kulegeza, mtoto atatembea uchi."

Ndipo Mzee Kornelio akaomba ashikwe mkono asimame. "Nilimwomba Mungu anirudishie macho," alisema. "Akanipa ya mama huyu. Mimi nilishukuru. Nyinyi mnaona alikosea?"

Padre akamgeukia baba. "Huko nje unasikia?"

"Nasikia kila neno."

"Na unaitikia?"

"Naitikia."

"Basi wewe uko kanisani, ila umekaa vibaya. Mama Kristina ataendelea, ruhusa ninayo. Wewe moyo wako siwezi kuuamuru. Sitafunga kigango."

Watu walicheka, wakapumua. Mmoja mmoja wale wa nje wakaanza kurudi, wengine kwa aibu, wengine kwa sababu jua lilikuwa kali. Kufikia kwaresima, jiweni walibaki baba na Beno, na Beno alibaki kwa ajili ya mijusi.

Masika hayo Mzee Kornelio alifariki. Mto ulikuwa umejaa, padre hakuweza kuvuka, na maiti haisubiri. Hapakuwa na mjadala wa nani ataongoza. Baba na wenzake walichimba kaburi tangu asubuhi, mvua ikinyesha na kukatika. Tulipofika makaburini mama alisoma vizuri mpaka palipotajwa jina la marehemu. Hapo sauti ikamkatika. Upepo ulikuwa unapeperusha kurasa, na machozi yakamzuia kuona mstari. Akajaribu mara mbili, akashindwa.

Baba alipanda kutoka kaburini, udongo mpaka viwikoni. Nilidhani atachukua kitabu amalizie yeye, kwa kuwa kusoma alijua, ingawa kwa kudokoa. Hakukichukua. Alisimama ubavuni mwa mama, akakandamiza ukurasa kwa vidole vyake vya matope, akainamisha kofia yake juu ya kitabu kukinga mvua. "Soma," alimwambia polepole. "Tunakusikiliza." Mama akasoma mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata baba aliingia ndani, akakaa benchi la nyuma. Nyumbani mama alimjazia sahani. Beno ndiye aliyeuliza. "Baba, leo mbona ndani?"

"Lile jiwe lina unyevu," baba akasema, akaendelea kula.

Sasa mimi naishi Korogwe, hapa Manundu, nina cherehani yangu na mtoto wa miaka ishirini na miwili, Damiani, fundi simu. Na ugomvi wa Kanisa libadilike au lisibadilike ninao tena, humu humu ndani, ila umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Sisi wazee ndio tunaotaka mapya, vijana wanataka ya kale. Damiani ameona kwenye simu kwamba Misa ya kweli ni ya Kilatini, kwamba wanawake tujifunike shela na kupokea komunyo tumepiga magoti. Aliandika kwenye kundi la simu la jumuiya yetu kwamba Kanisa limeharibiwa na wazee. Mwenyekiti akamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Kufika jioni watu wanne walikuwa wameondoka kwenye kundi, na mmoja wao ni jirani ambaye ukuta wetu ni mmoja.

Pasaka nikamchukua Damiani nikaenda naye Mazingara. Baada ya chakula akaanza hoja zake mbele ya bibi yake. Mama alimsikiliza yote.

"Hebu nisalie Baba Yetu kwa Kilatini," alimwambia.

Damiani alijua maneno manne ya mwanzo. Mama akafumba macho akaisali yote, mpaka amina, bila kukwama. Hata mimi sikujua kama anaijua. Damiani akauliza,

"Sasa bibi, kwa nini mliiacha?"

"Niliipenda sana, mjukuu wangu. Hata leo naisali nikiwa peke yangu. Lakini mama yangu aliisali hivyo maisha yake yote, na alipokuwa anakufa aliniuliza maana yake nini."

Baba, ambaye sasa husikia kwa sikio moja, alisema kutoka kitini kwake kwamba yeye hata leo hakubali, mambo yabaki yalivyokuwa. Mama akamwambia anywe chai yake. Baadaye nilimwona Damiani amesogeza mkeka karibu na bibi yake, wanakwenda neno kwa neno, bibi anamfundisha Kilatini na maana yake, na wanabishana.

Siwezi kusema enzi zetu tulikuwa na hekima kuliko vijana hawa. Tulikuwa wabishi vilevile, labda zaidi. Ila hatukuwa na pa kwenda. Uliyegombana naye Jumapili kuhusu Kanisa, Jumatatu mlikutana kisimani, na ndoo ikishajaa hapakuwa na mwingine wa kukutwisha ila yeye. Leo maji yako ndani ya nyumba, na kuondoka ni kubonyeza kidole. Namshukuru Mungu kwa bomba. Ila Jumatatu asubuhi, nikifungulia koki peke yangu, huwa nawakumbuka wale niliokuwa nabishana nao.