Faili la Kirushya

Radi ilipiga mnara wetu wa Kirushya mchana kweupe, ikaunguza rauta inayopeleka intaneti zahanati. Rauta mpya tulikuwa nayo, lakini rauta mpya haijui kitu mpaka uipe mipangilio ya ile ya zamani. Ndiyo maana kila tukigusa kifaa tunatuma nakala ya mipangilio yake kwenye seva iliyoko Biharamulo, mbali na radi za Ngara.

Kazi ya kutuma nakala ilikuwa ya dada mmoja wa Nyakanazi, aliyekuwa bado kwenye majaribio. Mimi hasira zangu ziko karibu, wenzangu wanajua, ila na dada yule sikuwahi kugombana. Mchapakazi, halafu mshahara wote unasomesha wadogo zake.

Nikaingia kwenye seva, nikatafuta "kirushya". Hakuna. Nikarudia, wapi! Bosi, aliyesimama nyuma yangu, akapandisha hasira. Dada akasema nakala alituma, na faili aliliita kwa jina la mahali, basi. Akainuka aje atafute mwenyewe. Bosi akamkataza kugusa kompyuta, eti ataghushi. Akamwambia aweke ufunguo wa ofisi mezani na mambo ya mkataba asahau.

Dada aliuweka ufunguo taratibu, akabaki ameinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, na bosi nilitamani nimkokote nje kwa kola ya shati.

"Sasa faili la Kilushya liko wapi?" bosi akauliza.

Vidole vyangu vikaganda. Bosi naye kwao ni Nyakanazi hukohuko, na kwake yeye na dada, R na L ni mtu na nduguye. Tunawatania kila siku, wala hawanuni. Nikamwomba alitamke tena lile jina, polepole.

"Ki-lu-shya. Leo umekuwa kiziwi?"

Nikaandika vilevile alivyotamka, kwa L. Faili hilo hapo, limetulia, na lilitumwa siku ileile tuliyobadilisha mipangilio ya mwisho.

Bosi aliinama akalisoma jina, akalisoma tena midomo ikimcheza. Samahani hakusema. Aliusukuma ufunguo kwa kidole mpaka mbele ya dada.

"Ludisha mfukoni," akasema. "Twende Kilushya."