Njiwa wa Mai ya Pondu

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mama yangu huo ni uongo mtupu. Dada yangu alimchukua kwenda kutibiwa macho Kinshasa, na huko huko akaendelea kuitawala kwa simu parsele yetu, nyumba na uwanja wake, ya Kisangani: nani hajafagia, nani amethubutu kukata mkuyu wa nyuma ya jikoni. Daktari alimwambia dada pembeni kwamba mwanga wa macho yale unakwisha na haurudi. Mama hakuambiwa, lakini nadhani alijua, maana aliomba kitu kimoja tu: aone tena njiwa wa kijani anayekuja kula matunda ya mkuyu ule.

Mimi niliyebaki nyumbani nikampiga njiwa picha, nikaituma kwenye kundi la familia mtandaoni. Watu wakasifu, hata wale wasiosalimia mwaka mzima. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Huyu haiko yeye. Yetu iko mai ya pondu."

Bon, haya. Mjini kwetu mai ya pondu ni jina la kijani chochote, kuanzia kitenge hadi pikipiki. Nikaongeza kijani kwenye simu mpaka njiwa akang'aa kama beseni la plastiki. "Umemupaka rangi ya nyumba," akasema. Nikapunguza. "Sasa iko mugonjwa." Nilikasirika, sifichi. Mtu macho yanamwishia, bado anachagua! Halafu hofu ikanishika, kwa sababu kila picha aliyoikataa ilikula siku katika zile zilizobaki.

Nilikuwa nimesimama jikoni nikinung'unika hivyo, mke wangu akitwanga majani ya muhogo. "Toka hapa na simu yako," akasema, "utapata pondu ku shati." Nikatazama kinuni. Maji ya pondu yenyewe, kabla ya kutiwa mafuta, ni kijani kizito chenye manjano kidogo. Mama hakuwa anataja jina la rangi. Alikuwa anasema pondu, aliyoitwanga maisha yake yote.

Nikaweka sahani ya maji yale juu ya ukuta, chini ya tawi la mkuyu. Njiwa aliposhuka nikampiga picha pamoja na sahani, kisha nikarekebisha picha hadi pondu ya kwenye simu ikafanana na pondu ya sahanini. Nikaituma kama faili, maana picha ikitumwa hivi hivi hufika imechujuka.

Jibu likaja haraka. "Njo yeye," Mama alisema, yaani ndiye huyo. "Sasa njo yeye. Aksanti, papa." Papa, ndivyo mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Nililia kwa furaha, mke wangu akanicheka.

Jioni dada akapiga simu. Alisema mtandao wa kwao ulikuwa mbaya mchana kutwa, na picha ndiyo kwanza imefunguka.

"Lakini Mama alishanijibu," nikamwambia.

"Nilimushikisha simu, nikamwambia angoje, haijafunguka. Kioo kilikuwa cheupe tu. Akakiangalia, akaanza kuongea na wewe. Nikarekodi, nikakutumia."

"Donc, kwa hiyo haoni kitu tena?"

 Nyuma ya dada nikamsikia Mama akiuliza ni nani kwenye simu.

Kesho yake Mama akaomba picha nyingine. Nikampiga njiwa picha, nikaituma. Rangi sikuigusa.