Acha Njia ya Kwenda Stejini

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka akilini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, na babu yako alikuwa ameamua kujenga ghorofa kwenye ploti yetu hii ya Mountain View. Barabara kuu ya Waiyaki Way iko karibu, steji ya matatu iko karibu, na kila mwenye ploti alitaka kujenga hadi mpakani.

Mafundi walikuwa wamechimba msingi juu ya kijia cha kwenda stejini kinachopita ukingoni mwa ploti yetu. Mama Nekesa, aliyepanga nyuma yetu na aliyesafisha ofisi Westlands, alifika alfajiri akakuta mtaro.

"Mzee, sasa mimi nitapitia wapi?"

"Zunguka kule chini, mama. Si mbali."

"Kule kwenye giza? Si ndiko walikonipora simu?"

Babu yako aliwageukia mafundi wake. Mamake, Cucu wetu, yaani nyanya yangu, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

"Kamau, hizo nyumba unamjengea nani?"

"Wapangaji, maitu," alimjibu mama yake.

"Watakuja kwa nini?"

"Si steji iko hapo tu."

"Na ukishaziba njia, wataruka ukuta? Basi andika kwa geti: vyumba vya wenye mabawa."

Mafundi waliangua kicheko. Babu yako hakucheka, ila kabla ya jua kupanda alikuwa amewaamuru warudishe msingi ndani. Alipoteza safu nzima ya vyumba. Mama Nekesa hupita hapo hadi leo.

Lakini mbele yetu kijia hicho hukata ploti ya jirani, nayo imeuzwa. Leo nimeona lori la mawe limesimama pale, na tangu hapo sijatulia.

Ploti hii itakuwa yako. Steji ndiyo iliyoipa ardhi yetu thamani, na miguu inayotoka kwenye ardhi hii ndiyo inayoifanya steji iwepo. Ukitenganisha hivyo viwili, utabaki na ghorofa tupu na barabara isiyomfaa mtu. Kwa hiyo kabla hujachora ukuta, toka alfajiri, tembea mwenyewe hadi barabarani, uone unamfungia nani njia. Na kesho tufuatane kwa huyo aliyenunua ploti ya jirani, tumsihi kabla hajachimba. Huenda akatufukuza.

Mungu akupe ujasiri wa kubisha hodi kwa mtu usiyemjua, akulainishie ulimi, na akulinde kila uendako kwa miguu.