Matofali ya Zahanati

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliyejulikana kwa jina la Patasi, alikuwa mchonga mawe, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko kazi yake. Nampenda hata leo. Lakini nikikumbuka alivyokufa, hasira hunipanda hadi chai inanishinda.

Wilaya yetu ina vitongoji vidogo vidogo ambavyo hata afisa wa wilaya akiulizwa hukuna kichwa. Chetu kilianzishwa na watu walioletwa kuchonga mawe ya madaraja ya reli. Kazi ilipokwisha, wakabaki. Ng'ambo ya kijito wapo wachoma matofali, waliofuata udongo mzuri. Sisi tuliwaita Wapishi wa Udongo. Wao walituita Gonga-Gonga, wakadai tumegonga mpaka akili zimetutoka. Tulioana, tukazikana, tukaazimana chumvi, lakini nyumba ya huku haikuwekwa tofali hata moja, wala ya kule jiwe. Mkaza mjomba alitoka kule. Alipoolewa alikuta hata jiko ni la mawe, akaambiwa atazoea. Akazoea.

Kazi ya mawe hula kifua. Vumbi lake ni laini, linaingia na halitoki. Wanaume wetu wakianza kupata wajukuu, wanakohoa usiku kucha. Mmoja akinyamaza, wa nyumba ya pili anapokea. Hospitali iko mjini, na barabara yenyewe ni mashimo matupu.

Ndipo wilaya ikakubali kutujengea zahanati, moja kwa vitongoji viwili, kando ya kijito. Matofali yakatangulia. Mjomba, aliyekuwa mwenyekiti wetu, akaenda kuyatazama, akagonga moja kwa nyundo, likapasuka. Akacheka sana. Kesho yake akaitisha mkutano.

"Zahanati ya mawe, la sivyo hatuitaki," alimwambia afisa.

"Mwenyekiti, ukuta hautibu mtu. Kinachotibu ni dawa."

"Basi leteni hizo dawa mzitundike mtini. Mimi siendi kulazwa ndani ya chungu."

Watu wakaangua kicheko, wakampigia makofi. Upuuzi mtupu! Na wa ng'ambo, waliposikia habari ya mawe, wakaapa kwamba wao hawatatibiwa pangoni.

Nyumbani mkaza mjomba alimkabili. "Baba watoto, mimi nimeishi ndani ya mawe yako miaka yote hii. Nimekufa? Wewe unatema damu, halafu unagombania ukuta!"

"Hayo ni maneno ya kwenu," mjomba akasema, akampa mgongo.

Wilaya haikuwa na muda wa kubembeleza mtu. Fedha zikapelekwa kwingine, na matofali yakabaki pale pale, yakaota majani.

Mvua zilipoanza, kifua cha mjomba kikabana kabisa. Shemeji yake, mchoma matofali, alikuja na mkokoteni, tukamlaza mgonjwa juu ya godoro, tukaanza safari ya mjini. Hatukufika mbali. Alikata roho kijitoni, ubavuni mwa lile rundo, mkewe akimfuta mdomo kwa upindo wa kanga.

Makaburi yetu tunayajengea ndani kwa mawe. Lakini machimbo yalikuwa yamejaa maji, na mafundi waliobaki walikuwa hawana pumzi ya kuinua nyundo. Tukasimama tunatazamana mbele ya shimo tupu. Shemeji hakuomba ruhusa ya mtu. Aligeuza mkokoteni, akaenda kijitoni, akarudi na matofali ya zahanati.

Mzee mmoja wa kwetu alifungua mdomo aseme neno. Mkaza mjomba akamwahi.

"Yapangeni vizuri," alisema. "Alikataa kulazwa humo akiwa mzima."

Tangu siku hiyo akifa mtu, wa huku au wa kule, matofali huchukuliwa pale pale, na hakuna anayebisha. Rundo limepungua sana. Yaliyobaki hayatoshi tena hata chumba kimoja cha mgonjwa.