Punda Aliyeijua Sauti ya Nassoro

Mimi sikuwa na fungu langu katika punda yule. Nalisema hili mapema, maana mambo yakiharibika watu huanza kuulizana nani alikuwemo na nani hakuwemo. Punda alikuwa wa watu watatu: Twaha, mume wangu, mlinzi wa jengo la maduka; Salma, mwenzangu wa kazi, ambaye tunafua naye na kupiga pasi mashuka ya hoteli; na Nassoro, dereva wa familia moja ya Al Wakrah. Kila Ijumaa ambayo Nassoro alipewa ruhusa, walikutana chumbani kwetu Al Mansoura, hapa Doha, wakala wali wangu na kuzungumza habari za punda mpaka chai ikapoa. Kazi yangu mimi ilikuwa kupika na kuwacheka.

Mwenye punda hasa, ukitaka ukweli, alikuwa Nassoro. Kwao ni kijiji kimoja cha kusini Unguja, na baba yake, Mzee Makame, amelea watoto wake wote kwa gari la punda, akibeba mchanga, nazi, na mara nyingine maharusi waliokosa teksi. Nassoro alijua kushika hatamu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Alipokuja Qatar aliacha nyuma vitu viwili vilivyokuwa bado havijakomaa: mimba ya mkewe, Warda, na kitoto cha punda cha kijivu ambacho mama yake aliumwa na nyoka akafa, na Nassoro mwenyewe ndiye aliyekuwa akikinywesha maziwa. Mimba ikawa binti. Kitoto cha punda kikawa dume la kifua kipana. Wote wawili Nassoro aliwalea kwa simu.

Usicheke. Simu za picha hapa hazina uhakika, leo zinapita kesho zinagoma, kwa hiyo watu wetu wengi wanaishi kwa kurekodi sauti na kutuma. Nassoro alimrekodia binti yake nyimbo za kulalia na maneno ya kumbembeleza ale. Siku moja Warda akamwambia kwamba yule punda, kila akiisikia sauti ile, husimamisha masikio na kuja mpaka dirishani. Wakati huo Mzee Makame alikuwa amehangaika naye mpaka amechoka. Punda akifungwa gari alikita miguu chini, hasogei kwa bembelezo wala kwa fimbo. Basi Nassoro akabonyeza simu, akapiga ulimi kama alivyokuwa akifanya zamani, akasema, "Haya, baba, haya." Warda akaisogeza simu kwenye sikio la punda. Punda aliondoka na gari kwa kishindo, na Mzee Makame nusura abaki chini.

Video ya kituko kile ndiyo iliyowatia wazimu wenzake. Siku ya Idi, kijijini kwao, huwa kuna mbio za magari ya punda, kutoka uwanja wa mpira mpaka skuli. Twaha akasema punda kama huyu hawezi kumalizikia kwenye mchanga, na awe wa mbio, na awe wao wote. Wakachanga. Likaundwa gari jepesi la magurudumu ya pikipiki, likapakwa rangi ya damu ya mzee kama bendera ya hapa. Punda akaitwa Kornishi, kwa sababu Nassoro alisema hiyo ndiyo barabara pekee ya Doha ambayo akiipita husahau kwamba gari si lake.

Jamani, furaha ile! Watu wazima na ndevu zao waligawana punda aliye mbali ng'ambo ya bahari. Twaha alidai miguu ya mbele ni yake. Salma akachukua masikio na mkia, akasema, "Mie nataka vinavyoonekana kwenye picha." Nassoro akaachiwa tumbo.

"Sawa," akasema. "Tumbo ndilo punda mwenyewe. Miguu inafuata tu."

Twaha, ambaye hajawahi kunibishia hata juu ya pazia, aligombana na Salma kwa siku kadhaa kuhusu shada la kuvishwa Kornishi kichwani, liwe jekundu au la manjano. Niliwaacha wagombane. Makazini kwao wote watatu ni watu wa kupokea amri, simama hapa, fua hiki, leta gari mlangoni, na punda yule alikuwa kitu cha kwanza walichokuwa na neno juu yake. Ndiyo maana wali sikuwanyima.

Mwaka ule Idi ya hapa ilitangulia ya Zanzibar kwa siku moja, kama inavyotokea. Kwa hiyo Idi mosi ya kule, siku ya mbio, ilitukuta sisi kwenye Idi pili. Twaha alibadilishana zamu. Salma alikuja mapema na chetezo cha udi, kana kwamba tunaoza mtu. Nassoro hakupata ruhusa. Sikukuu ndiyo siku ya dereva kuchoka. Alikuwa akimpeleka bibi mwenye nyumba na watoto wake kwa jamaa zao, mlango hadi mlango, na ndani ya gari simu yake ilikuwa marufuku kulia.

Asubuhi picha zikaanza kuingia. Ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe wangu, yuko uani kwa Mzee Makame, kanga mpya, amelishika beseni la pumba za mahindi, na Kornishi kichwa chote ndani. Akatuma na sauti ya kujivunia: "Twaha mwanangu, mjukuu wangu nimempa mkono wa Idi." Kwetu mtoto hapitishi siku ya Idi bila kutiwa kitu mkononi, na kwa hesabu ya mama mkwe, punda wa mwanawe ni mjukuu. Twaha alifurahi mpaka akafuta macho. Salma naye hakukubali kupitwa. Akawatumia dada zake ujumbe, na haikupita muda ikaja picha yao wamemzunguka Kornishi, huyu na mkate wa kumimina, yule na tende, mwingine na ndoo ya mahindi makavu.

"Anakula kama bwana harusi!" Salma akasema.

"Hivi," nikawauliza, "punda wa mbio hula hivyo siku ya mbio?"

"Aisha, wewe huna fungu," Twaha akanijibu. "Kula mkate wako."

Tukacheka sote.

Nassoro alikuwa amemwagiza baba yake: siku ya mbio majani kidogo na maji, basi. Na Mzee Makame alilijua hilo hata bila kuagizwa. Lakini utamrudishaje mtu na beseni lake siku ya Idi? Mkono wa Idi haurudishwi. Tena waliokuja hawakuwa wapita njia, walikuwa jamaa wa wenye punda, wamevaa nguo mpya, wamesimama wanangoja kupiga picha. Warda alituambia baadaye kwamba mzee hakusema zaidi ya "Ahsanteni, ahsanteni," huku akimtazama Kornishi kama mtu anayetazama maji ya mvua yakiingia ndani ya nyumba yake.

Nassoro alizifungua picha zile mchana, akiwa ameegesha gari nje ya nyumba ya jamaa za bibi. Akatupigia. Twaha akaweka sauti ya juu, sote tukasikia.

"Nani kampa mahindi?"

"Mkono wa Idi tu, bwana, wala si mengi..."

"Twaha, itazame video ya mwisho. Mtazame ubavuni."

Tukaitazama. Sisi tuliona shada, jekundu na manjano pamoja, maana walipatana mwishowe. Nassoro aliona kingine. Kornishi alikuwa akigeuza kichwa na kuutazama ubavu wake, kisha anakwaruza chini kwa kwato, kisha anageuza tena.

"Tumbo limemshika," Nassoro akasema. "Asikimbie. Afunguliwe, atembezwe pole pole, asiachwe alale. Nimemtumia Warda, ujumbe haufiki. Pigeni, pigeni nyinyi!"

Tukapiga. Uwanja mzima kule ulikuwa na simu mikononi, na mtandao ulikuwa umeelemewa. Ya Warda haikupatikana. Mama mkwe alikuwa ameiacha yake nyumbani. Ya dada wa Salma iliita mara moja ikakatika. Nassoro akarekodi tena na tena, "Warda, mwambie baba asimkimbize, Warda, mfungueni," na kila ujumbe ukakaa na alama yake moja ya kijivu. Tulikuwa watu wanne na simu nne, na hatukuweza kumshika punda mmoja kamba. Roho iliniuma kwa namna ambayo sikuitegemea, mimi nisiye na fungu.

Kisha simu ya Salma ikalia. Dada yake alikuwa amefanikiwa kutuma video, lakini cha kwenye video kilikuwa kimekwisha kutendeka. Magari yamepangwa mstari. Mzee Makame yuko juu ya gari lake, na Kornishi amekita miguu, hataki. Watu wanacheka. Mzee analegeza hatamu, anageuka kama anayetaka kushuka, na hapo ndipo Warda anapotokea mbio, ameinua simu juu.

"Ngojeni, jamani! Ngojeni nimwekee baba yake!"

Akaisogeza kwenye sikio la punda. Ilikuwa sauti ile ya zamani ya Nassoro, iliyohifadhiwa. Tuliisikia vizuri: ulimi ukapigwa, kisha, "Haya, baba, haya."

Masikio yakasimama. Kornishi akaondoka.

Sijapata kumwona punda akikimbia vile. Twaha alijisahau, akasimama juu ya kitanda akipiga kelele, "Kornishi! Kornishi!" kisha akakumbuka, akakaa. Salma alimtumia Nassoro video kwa sababu aliiomba, na Nassoro akaitazama mpaka mwisho kabla ya kutupigia.

"Mimi nimekataa asiende," Nassoro akasema, "na mimi ndiye niliyemwambia aende."

Kornishi alikuwa wa kwanza kufika skuli. Alipita mstari, akaenda kidogo, akapiga magoti, akalala gari likiwa bado limefungwa, na Mzee Makame akatupwa pembeni akachubuka viganja. Ndipo simu ya Warda ilipopata mtandao. Sauti za Nassoro zote zikaingia kwa pamoja, na yeye akazisikiliza moja baada ya moja, amekaa chini karibu na kichwa cha punda. Kisha akamrekodia mumewe, analia: "Mzee anasema akiendelea kulala atakufa. Ainuke, atembee. Tumemvuta, hamsikii mtu. Mrekodie wewe. Nakuomba, mrekodie."

Wakati huo huo bibi alikuwa ametoka na watoto, wamekwisha ingia garini. "Yalla, Nassoro." Simsemi kwa ubaya, Nassoro alimwomba dakika moja, naye akampa. Akashuka, akafunga mlango, akasimama juani, na watoto wakamtazama kupitia kioo. Alituambia kwamba hakujua aseme nini kingine. Akapiga ulimi. Akasema lile lile.

Video ya mwisho aliituma Warda. Kornishi anaisikia sauti, masikio yote mawili yanasimama. Anajaribu miguu ya mbele, inateleza. Anajaribu tena. Halafu anageuza kichwa na kuinusa simu iliyo mkononi mwa Warda, anainusa kote, mbele na nyuma, kama anayemtafuta mtu aliyemo. Kabla ya adhana ya Magharibi alikuwa amekufa.

Nassoro alikuja Ijumaa iliyofuata. Nilipika, lakini hakukuwa na wa kumcheka. Twaha alimwambia kwamba mama yake hajaacha kulia, na beseni amelitoa nje ya nyumba.

"Mwambie asilie," Nassoro akasema. "Alimpa kwa mapenzi. Wote mlimpa kwa mapenzi."

Salma, kwa kuwa hajui kunyamaza, akasema huenda inshaallah tukatafuta mwingine.

"Tafuteni," Nassoro akamjibu. "Ila safari hii azoeshwe sauti ya mtu aliyepo pale pale."

Nikamwekea chai. Simu yake ikatetemeka juu ya mkeka, naye akaisikiliza kwa sikio moja, lakini chumba chetu ni kidogo na sauti ya Warda haijifichi: mtoto hali tangu asubuhi, kila anachopewa anakitema, amrekodie kidogo.

Nassoro aliishika simu akaitazama. Kisha akainuka, akatoka ukumbini penye viatu, akarudisha mlango. Tukamsikia akikohoa kusafisha koo.

"Haya, mama, haya. Kula. Baba niko hapa."