Picha ya Mama kwenye Meza ya Madam Graciela

Nilikwenda Dubai kwa sababu moja tu: kumwambia mdogo wangu Zuhura, anayefanya kazi za ndani huko, kwamba mama yetu amefariki. Wajomba walikataa katakata aambiwe kwenye simu. "Mtoto yuko peke yake kwa watu. Akianguka nani amdake?" Kwetu habari ya msiba unaipeleka mwenyewe, ukae na mtu, umshike. Basi ukoo ukachangishana, nikapata viza na tiketi, mimi mwalimu wa darasa la tatu ambaye hata Dar es Salaam siipendi.

Mama alikuwa anaumwa kifua. Jumatano, na joto lile la Muheza, alilalamika baridi mpaka nikamfunika khanga tatu. Alhamisi asubuhi akatutoka, alasiri tukamzika. Tangu hapo Zuhura akawa anapiga simu ya mama kila jioni, napokea mimi. "Kalala," namwambia. Kalala, kalala! Jamani, uongo ule ulinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege. Nilimdanganya tena: naja sokoni Deira, hapo Dubai, kununua vitambaa vya sare za shule. Akashangilia. "Muulize mama anataka nini nimnunulie!" Nikazima simu, nikaenda kulia chooni.

Dubai, Jumapili, saa tatu asubuhi. Zuhura alinirukia shingoni mbele ya watu. Kanenepa, anacheka, kila neno la tatu yalla, "haya twende" ya Waarabu. Nikajiambia, namweleza kwenye teksi. Kwenye teksi nikazungumzia mvua. Nikasema basi, tukifika hotelini Muraqqabat. Hapo tukaweka begi langu, nikazungumzia bei ya mchele. Mwoga ni mwoga tu.

"Yalla, dada, madam anatusubiri tule," akasema. "Leo siku kubwa kwake."

Ghorofa ya kumi na tisa. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu. Sakafuni palikuwa na maua ya manjano, yale wanayosokota Wahindi kwenye mashada, yamepangwa mstari mmoja kutoka kizingitini kwenda ndani. Nikainua mguu.

"Usikanyage!" Zuhura akanivuta. "Hiyo ni njia yao."

"Ya nani?"

"Wageni wa madam. Wewe pita pembeni."

Baridi ya AC ilikuwa ya kutetemesha. Nikajitanda khanga mpaka puani, nikaufuata mstari. Ulipinda kwenye korido, ukapita jikoni, ukaishia sebuleni kwenye meza ya ngazi tatu yenye mishumaa na picha. Palikuwa na mzee ameinama kwenye shamba la vitunguu, kijana mwenye sare ya jeshi la Amerika, na bibi kizee mbele ya tanuri la mikate. Kila picha na glasi yake ya maji.

Katikati yao alikuwa mama yangu.

Mama yule yule, na khanga aliyovaa siku ya kumsindikiza Zuhura. Nikashika kiti. "Nani kakwambia?" nikauliza.

"Kaniambia nini?" Zuhura alikuwa anacheka. "Hii meza ya wazee, dada. Madam kaweka wake, na mimi nikaweka wangu. Leo siku ya kumi na mbili, tangu Jumanne ile. Tena mama ana vituko, glasi yake najaza kila asubuhi, nakuta imefika nusu. Za wenzake hazipungui."

Nikatazama. Kweli, tatu zilikuwa zimejaa pomoni. Ya mama ilikuwa nusu.

Madam Graciela akatoka chumbani, mwanamke mfupi mwenye uso mpole. Ni Mmarekani wa Texas, mwalimu kama mimi, ila babu zake walitoka Meksiko. Kiingereza changu cha darasani kilitosha. Akanionyesha watu wake mmoja mmoja. Babu ndiye huyo wa vitunguu. Mjomba alifia vitani, na mikate ya bibi ililiwa na mtaa mzima, weupe kwa weusi. "Amerika inakula walichochuma wazee wangu," akasema. "Basi mara moja kwa mwaka tunawaita na wao waje kula." Halafu akanishika mikono miwili. "Poleni sana na mama yenu. Niliona haya kumuuliza Zuhura alifariki lini."

"Madam!" Zuhura akaruka. "Mama yangu mzima. Juzi tu dada kaniambia amelala."

Madam akaniachia mikono. Uso ulimbadilika rangi. "Zuhura, mezani haiwekwi picha ya mtu aliye hai. Kabisa. Ni kumwita."

Zuhura akanigeukia.

"Dada," Zuhura akasema taratibu, "mwambie madam kwamba mama mzima."

Nilimkumbatia. Hakuna jingine nililoweza. Alipiga ukelele ambao bado ninao masikioni. Alipopata pumzi aliuliza swali moja, macho kwenye picha: "Lini?"

Nikaona hesabu anayoipiga. Picha aliiweka Jumanne, na mama alifariki Alhamisi. Neno langu moja lingemfanya mdogo wangu aamini maisha yake yote kwamba kamuua mama yake.

"Jumatatu," nikasema.

"Jumatatu? Kabla sijaiweka?"

"Kabla. Wallahi, Zuhura." Mungu anisamehe.

Akakaa chini, akalia kilio cha kawaida, cha mtu aliyefiwa tu. Baadaye akafuta kamasi, akasema, "Basi kumbe ni yeye. Jumatano nilimsikia akikohoa hapa jikoni. Nikamwambia karibu, mama."

Madam alinitazama. Nadhani alijua. Akaenda kuijaza glasi.

Muheza, nyumbani. Nimerudi, Zuhura amebaki na kazi yake na ana amani. Nilichojifunza ni kwamba kuna ukweli unaoweza kuukalia mwenyewe, ukakuchoma, na ukaendelea kuukalia. Sikumwambia alichosema mama Jumatano ile, nilipokuwa namfunika khanga ya tatu: "Natoka kwa Zuhura. Nyumba yao baridi, lakini wamenipa maji." Nilidhani ni homa.

Kibao cha kaburi fundi ameandika jina tu, tarehe nimekataa. Na nyinyi ndugu zangu mnaosoma haya, Zuhura akiwapigia, mama alifariki Jumatatu. Msije mkakosea.